Nilichukua Tano Nikakata Simu

Kazi yangu ilikuwa kuwapigia watu simu na kuwauliza kama waliridhika. Sikuuliza kama wameamka salama, wala kama mvua imenyesha kwao. Niliuliza jambo moja: ulipopiga ile laini ya habari, ulihudumiwa vipi, kuanzia moja hadi tano, moja ikiwa vibaya sana na tano vizuri sana. Nilikuwa mwepesi wa kazi hiyo, na nilijivunia wepesi wangu mpaka ikawa kero kwa wenzangu. Ninaandika haya kwa sababu kuna mama mmoja ambaye macho yake yaliingia hatarini huku mimi nikiwa naye kwenye simu, na sikujua.

Laini yenyewe haikuwa ya moto wala ya ambulensi. Ilikuwa ya mambo ya kawaida: maji yatafunguliwa siku gani, lori la takataka linapita lini, cheti cha kuzaliwa kilichopotea kinatafutwa ofisi gani, ng'ombe watachanjwa wapi wiki hii, madaktari wanaotembelea vijijini watafika siku gani. Mtu anapiga, anajibiwa, anaenda zake. Baada ya siku chache namba yake inatufikia sisi, kikundi kidogo kilichopewa kazi ya kupima kama wananchi wanaridhika. Tulikuwa ghorofa ya pili hapa Kitengela, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Kila walipokata mabati kule chini ilinibidi nimwombe radhi mtu niliyekuwa nikiongea naye.

Niliipata kazi hiyo nikikaribia miaka hamsini. Nilikuwa karani wa shule kwa muda mrefu, kisha mwenye shule akaifunga, na sisi tukarudi nyumbani na vikombe vyetu vya chai. Siku ya mahojiano tulipewa kila mmoja orodha ya watu kumi na saa ikawekwa mezani. Niliwamaliza kumi wangu wakati vijana walio sawa na wanangu wakiwa bado wanajitambulisha. Bosi akanitazama akatikisa kichwa kwa furaha. Tangu siku hiyo akawa akipita nyuma yangu na kuuliza, "Madam, umefika wapi?" Nami namwonyesha karatasi, naye anaendelea na safari yake akiwa ametabasamu.

Watu wa Kitengela walinitesa. Nasema hivyo nikiwa mmoja wao, maana wazazi wangu walihamia hapa kutoka Mkoa wa Kati wakati ploti zilikuwa bado zina swala. Ukimpigia mtu wa hapa umuulize kama aliridhika, amekuwa akiingojea hiyo simu maisha yake yote. Mzee mmoja aliniambia niandike sifuri. Nikamwambia, "Hakuna sifuri, baba, tunaanza na moja." Akasema, "Basi nendeni mkaitengeneze, mimi nitangoja." Mama mwingine, ambaye alikuwa ameulizia lori la takataka, alitoa simu dirishani kabisa. "Unasikia lori?" akauliza. Nikasema sisikii. "Hata mimi," akasema, "andika moja."

Nao hawakuwa wajinga. Utaratibu wetu ulikuwa kwamba anayetoa moja au mbili anapigiwa tena na bosi mwenyewe, anaulizwa shida yake, na shida ile inaandikiwa barua. Wa tatu anawekwa kando. Wa nne na wa tano jina lao linapakwa rangi ya kijani kwenye kompyuta na kufungwa. Kwa hiyo lori la yule mama lilipatikana baada ya wiki mbili, na mzee wa sifuri akafunguliwa maji. Aliyelalamika alisaidiwa, aliyeshukuru alifungwa. Niliona huo kuwa utaratibu wa haki kabisa.

Raha yangu ilikuwa orodha za mbali. Ikija karatasi ya watu wa Kiserian kushuka Kona Baridi, au ya Loitokitok, nilikuwa nainyakua kabla mwingine hajaiona. Watu wa huko walikuwa waungwana. Unauliza, wanajibu tano. Nzuri sana, tano. Hakuna matusi, hakuna dirisha. Nilikuwa nawamaliza kabla chai haijapoa, kisha nawatazama wenzangu waliokuwa bado wanasomewa makosa ya serikali zote zilizopita.

Mle kwenye fomu, mwisho kabisa, kulikuwa na swali ambalo halikuwa na namba: je, kuna jambo lingine ungependa kutuambia? Mtu akinipa tano nililiruka. Hakuna aliyeniamuru niliruke, nililiruka mwenyewe. Niliona kama mtu ameridhika, jambo lingine la nini?

Yule mama nilimpigia siku ya Ijumaa. Karatasi ilisema anaishi chini ya Kona Baridi, na kwamba aliipigia laini kuulizia madaktari wa macho. Sauti yake ilikuwa ya mtu mzima sana, Kiswahili chake cha polepole, na upepo ulikuwa ukivuma kwenye simu kana kwamba amesimama mahali pa wazi. Nikajitambulisha, nikauliza swali langu.

"Huyo msichana wa simu aliniongelesha vizuri," akasema. "Nzuri sana. Tano."

Nikasema asante mama, siku njema, nikakata. Sikutumia hata dakika mbili.

Ukutani mbele ya meza yangu kulikuwa na karatasi iliyobandikwa siku nne kabla. Ilisema madaktari wa macho waliokuwa wafike Kiserian Jumanne hawangeweza kufika kwa sababu ya mvua iliyoharibu barabara, na kwamba sasa watakuja Alhamisi ya wiki inayofuata. Nilikuwa nimeisoma hiyo karatasi. Nilikunywa chai nikiitazama kila siku. Wakati ninaongea na yule mama, siku hiyo mpya ilikuwa bado mbele yetu.

Baada ya miezi miwili tulitakiwa kuwarudia baadhi ya watu, kuona kama bado wana maoni yaleyale. Kazi ilikuwa imeongezeka, kwa hiyo akaajiriwa mama mwingine, wa rika langu, Mmaasai wa Kiserian. Alikuwa akiuza dawa za mifugo kabla ya kuja kwetu, na alizoea kusema na watu wenye wasiwasi juu ya ng'ombe wao. Bosi akamkalisha karibu nami na kumwambia asikilize rekodi za simu zangu ajifunze kazi. Nilijisikia vizuri sana. Nikajifanya sina habari naye, huku nikimtazama kwa pembe ya jicho.

Mwanzoni alicheka. Akasikiliza ya pili, akacheka tena. Ya tano au ya sita hakucheka. Akavua vipokea sauti akaviweka mezani.

"Hawa watu uliwafanyia nini?" akaniuliza.

"Nimewafanyia nini? Si wote wamenipa tano."

"Hawajakupea tano. Wamekusalimia."

Nikamwambia sielewi. Akavuta kiti chake.

"Sisi mtu akikuuliza habari, unasema kwanza ni nzuri. Hata kama nyumba imechomeka. Huwezi kumwagia mtu mambo mabaya mkiwa bado kwa mlango, hiyo ni tabia mbaya. Unasema tuko wazuri, watoto wako wazuri, ng'ombe iko. Halafu unanyamaza kidogo, unapumua. Hapo ndio ilomon inaanza, ile habari yenyewe. Sasa wewe ukifika hapo kwa kupumua, unakata simu."

Nilikasirika. Nilimwambia mimi nimefanya kazi hii kabla yake, na kwamba fomu haina nafasi ya kupumua. Aliigeuza fomu tu akaweka kidole kwenye lile swali la mwisho.

"Na hii ni ya nini?"

Nikainuka kwenda kuosha kikombe. Nilipotoka kuosha kikombe kisafi nikamkuta amefungua rekodi ya mama wa Kona Baridi. Akanipa vipokea sauti. Nikajisikia mwenyewe, sauti ya haraka, ya mtu mwenye maji jikoni yanayochemka. Nikamsikia mama akisema tano. Kisha upepo. Kisha akavuta pumzi, ndefu, ya mtu anayeshusha mzigo ili aanze kuufungua, na juu ya pumzi ile nikasikia sauti yangu ikisema asante mama, siku njema.

"Mpigie," akasema mwenzangu. "Akikupea namba usiseme asante. Sema 'ee'. Halafu ukae."

"Nikae mpaka lini?"

"Mpaka aongee. Kwani uko na haraka ya kwenda wapi?"

Nikapiga. Nikajitambulisha, nikamuuliza kama bado anaikumbuka ile laini na kama bado anaona alihudumiwa vizuri. Akasema anakumbuka. Nzuri sana, tano. Mwenzangu akanyanyua mkono kunizuia, kama anavyozuiwa ndama.

"Ee," nikasema.

Kimya. Upepo uleule. Mabati yakakatwa chini yetu, nikaomba yanyamaze. Nilihesabu vifungo vya blauzi yangu, nikarudi kuvihesabu. Kisha akapumua.

"Sisi tuko wazuri," akasema. "Mvua ilikuja, ikaenda."

"Ee."

"Mbuzi iko. Mbili ilikufa, lakini ingine iko. Mke wa kijana yangu alizaa."

"Ee."

"Ni msichana. Ako na afya." Akanyamaza tena kidogo. "Sasa ni hii macho tu. Kope ilijikunja ikaingia ndani, inakwaruza. Mjukuu ananing'olea na kibano kila asubuhi, inamea tena. Ile siku mliniambia, Jumanne, nilienda. Nilikaa hapo kwa kanisa mpaka jua ikarudi nyuma. Daktari hakuna. Nikasema labda ni mimi nimekosea siku. Ulipopiga ile mara ingine nilifurahi sana, nikasema sasa nitauliza. Lakini simu ikakatika."

Nikasema ee.

"Hii ya kulia bado inaona. Hii ya kushoto imekuwa moshi tu."

Niliona aibu ambayo sijapata kuiona tena. Simu haikukatika, niliikata mimi. Karatasi ya Alhamisi ilikuwa mbele ya pua yangu, siku sita zilikuwa zimebaki, na nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza kwa muda wa kumeza mate. Nikamwambia nitamtafutia siku nyingine ya madaktari na nitampigia mwenyewe. Akasema, "Ashe oleng, asante sana, Mungu akubariki." Baraka hiyo ilinichoma kuliko matusi yote ya Kitengela.

Nilikwenda kwa bosi nikamweleza yote, nikiwa nimesimama. Hakuwa mtu mbaya. Alikuna kichwa akasema ripoti ilikwisha kwenda, na kwamba ndani yake kulikuwa na sura nzima juu ya jinsi watu wa vijijini wanavyoridhika kuliko watu wa mjini. Sura hiyo niliiandika mimi kwa simu zangu za haraka. Nikamuuliza kama tunaweza kuwarudia watu wa tano. Akasema kazi ya mpango iendelee, lakini saa ya chai ni yetu. Basi mimi na mwenzangu tukaanza kuwapigia saa ya chai. Tano nyingine zilikuwa tano kweli, mtu anamaliza habari za mifugo na ndoa na kukuaga. Nyingine zilikuwa na kitu chini yake, nasi tukakiandika kwenye lile swali la mwisho, kwa mwandiko mdogo kwa sababu nafasi ilikuwa mistari miwili tu.

Kwa habari ya macho nilifanya kitu ambacho sikuwa nimewahi kukifanya: niliipigia laini mimi mwenyewe, kama mwananchi. Msichana aliyepokea alikuwa na adabu. Alitafuta, akanieleza kwamba madaktari hao watakuwa Kajiado mjini baada ya wiki tatu, akanitajia siku na mahali, akauliza kama nina swali lingine. Ningeulizwa ningesema tano bila kufikiri. Lakini sikuwa tena mtu wa kuamini kirahisi, kwa hiyo Jumamosi nikasafiri mpaka Kajiado, nikaikuta karatasi mlangoni, nikaisoma mara mbili, nikamuuliza na askari wa lango. Ndipo nikampigia mama. Na siku mbili kabla ya siku yenyewe nikampigia tena, kuhakikisha hakuna mvua wala mabadiliko.

Nilichukua ruhusa nikaenda Kajiado kumngoja. Walikuwa wamepitia barabara ya Isinya, yeye na mjukuu wake, msichana mkubwa aliyekuwa na kibano kidogo kimefungwa kwenye pembe ya leso. Nilimtambua mama kwa namna alivyokuwa akiinamisha uso kulikwepa jua. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Mjukuu akamwambia ni mimi yule wa simu, naye akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Takwenya," akanisalimia Kimaasai.

"Iko," nikajibu, kama mwenzangu alivyonifundisha, pamoja na kumwita yeyo, yaani mama.

"Habari yako?"

"Nzuri, yeyo. Nzuri sana."

Nikadhani tumemaliza. Lakini hakuachia mkono. Alikaa kimya akiwa amenielekezea sikio, na ilinichukua muda kufahamu kwamba ananingojea. Alikuwa akiingoja habari yenyewe.

Basi nikavuta pumzi. Nikamwambia watoto wangu ni wazima. "Ee," akasema. Nikamwambia Kitengela kuna vumbi lakini tunaishi. "Ee." Nikamwambia siku ile simu haikukatika yenyewe, niliikata mimi, nikiwa na haraka, na siku mpya ya daktari ilikuwa imebandikwa mbele yangu ukutani. Mjukuu wake alikuwa akitazama chini.

"Ee," akasema mama. "Lakini ile tano usifute. Uliniuliza kama msichana wa simu aliniongelesha vizuri. Si aliniongelesha vizuri? Hukuniuliza macho."

Nilifanya kazi ile karibu mwaka mzima, nikasikiliza mafunzo mawili juu ya namna ya kuuliza maswali, na hakuna aliyewahi kunieleza kasoro ya fomu yetu kwa maneno machache hivyo. Wala hakuwa akinilaumu. Alikuwa akinisahihisha tu, kama mtu anayekuonyesha kwamba umevaa sweta kinyume.

Aliitwa ndani kabla ya saa sita. Alitoka amefungwa macho yote mawili, akiongozwa na mjukuu. Muuguzi akatueleza nje, pale kwenye benchi. Kope zote mbili zilikuwa zimerekebishwa. Jicho la kulia litakuwa sawa. La kushoto lilikuwa limekwaruzwa mno, kioo chake kimeshaingia kovu, na kovu hilo haliondoki. Nikamuuliza kama ingekuwa tofauti angekuja miezi mitatu iliyopita. Alinitazama, nadhani alidhani mimi ni bintiye. Akasema hawezi kujua kwa hakika, lakini mapema ni bora daima. Kisha akamwita mtu mwingine.

Nilingoja siku kumi ndipo nikapiga. Haikuwa saa ya kazi, nilikuwa nyumbani, na hakukuwa na fomu mbele yangu. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za nyuma na kikombe cha chai.

"Habari yako, yeyo?"

"Nzuri," akasema. "Nzuri sana." Nikasikia anacheka kidogo. "Tano."

Nikaweka kikombe chini. Upepo wa Kona Baridi ukavuma sikioni mwangu, nami nikausikiliza mpaka aliponyamaza vya kutosha na kuvuta pumzi.

"Mtoto amenona. Mvua bado," akasema. "Hii ya kulia inaona mbuzi mpaka kwa ule mti wa mwisho. Asubuhi nazihesabu mwenyewe."

"Ee."

"Ya kushoto imekataa."

"Ee," nikasema, nikaendelea kukaa.